Baka la Samawati: Kwa Nini Usingizi Humpaa Anayeacha Heroini

Huduma ya methadoni, dawa inayonywewa badala ya heroini, ilipoanza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, ilileta jibu la arosto, kama hali ya kukatikiwa na dawa inavyoitwa mitaani, lakini haikuleta jibu kamili la swali la usiku: kwa nini mtu aliyeacha unga, yaani heroini, tangu wiki kadhaa zilizopita, ambaye hamu ya chakula imemrudia na mifupa haimuumi tena, bado huona alfajiri ikiingia dirishani kabla hajafumba jicho? Arosto ya heroini huanza saa chache baada ya dozi ya mwisho, hufika kilele siku ya pili au ya tatu na kwa kawaida hutulia ndani ya siku 10. Dalili zake nyingine zimekwisha kuelezwa mno. Usingizi peke yake ndio huchelewa kurejea, pengine kwa miezi.

Katika shina la ubongo, yaani sehemu inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo, vimo vikundi viwili vidogo vya seli za neva, kimoja kila upande, ambavyo kwa jumla ni makumi machache ya maelfu ya seli kati ya takriban bilioni 86 za ubongo mzima. Ndugu wawili Wajerumani, Joseph na Karl Wenzel, waliviita locus coeruleus mwaka 1812 kwa sababu ya rangi yake ya buluu iliyofifia. "Doa la buluu" ndiyo tafsiri ya haraka, lakini doa ni kitu cha kufuliwa au kuonewa aibu, na "kituo cha buluu" kinanuka ofisi. Makala haya yanachagua "baka la samawati", kwa kuwa mtu huzaliwa na baka bila kosa lake, na kwa kuwa samawati limetokana na neno la Kiarabu la mbingu, kama vile coeruleus linavyohusishwa na neno la Kilatini la mbingu hiyohiyo. Kuupuuza ulinganifu wa namna hiyo kungekuwa ubahili.

Kazi ya baka hilo ni kukesha. Humwaga noradrenalini, kemikali inayoamsha, karibu kila pembe ya ubongo. Mtu anaposinzia seli za baka hilo hupunguza kasi, na anapoingia katika usingizi wa ndoto hunyamaza karibu kabisa. Heroini, ikishageuka mofini mwilini, hushika vipokezi vya seli hizo na kuzizima kwa nguvu, nazo, zisikubali kuzimwa daima, huzidisha vimeng'enya vinavyotengeneza saikliki AMP, mjumbe wa ndani ya seli anayezihimiza kufanya kazi, hadi zirudie mwendo wake wa kawaida dawa ikiwa ingali mwilini.

Mfano wake ni mashua ya Lamu. Upepo ukiiinamisha, mabaharia husogeza viroba vya mchanga kwenye ubao uliochomoza upande wa joshi, yaani upande unakotoka upepo, na chombo kikasimama. Upepo ukizidi, viroba huongezwa. Aliye ufukweni huona mashua imetulia tuli, asijue kuwa utulivu huo ni mivutano miwili inayopingana. Upepo ukikatika ghafla, viroba vilivyokuwa wokovu hugeuka balaa, na mashua hulalia upande wa viroba. Hiyo ndiyo arosto: seli zilizojaa vimeng'enya vya ziada, zikikosa mofini ya kuzikandamiza, huwaka zote, moyo hudunda, jasho hutoka, mboni hupanuka na usingizi hupaa. George Aghajanian wa Chuo Kikuu cha Yale alilionyesha jambo hilo kwa panya mwaka 1978, akaonyesha pia kwamba klonidini, dawa ya shinikizo la damu, huzituliza seli hizo kupitia kipokezi kingine. Heroini, zaidi ya hayo, ni upepo wa vishindo unaovuma na kukatika mara kadhaa kwa siku, ilhali methadoni inayonywewa mara moja kwa siku ni kaskazi iliyotulia, inayowapa mabaharia nafasi ya kushusha kiroba kimoja kimoja.

Viroba hushushwa na muda, wala hakuna kidonge cha dukani kinachovishusha. Valiamu au pombe, ikichanganywa na methadoni, huweza kudhoofisha seli zinazoongoza pumzi, ambazo nazo zimo katika shina hilohilo la ubongo. Na anayerudia kipimo chake cha zamani cha unga "alale tu" huukabili upepo uleule katika mashua isiyo na kiroba hata kimoja.

Njia iliyo salama zaidi ya kuurudisha usingizi haina dawa. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Richard Bootzin alipendekeza kitanda kitumiwe kwa kulala tu, mtu aondoke kitandani usingizi usipokuja na arudi anaposinzia, aache kulala mchana, na aamke saa ileile hata baada ya usiku mbaya. Aliyezoea pombe au valiamu asiziache ghafla, kwani degedege huweza kuua, na anayekoroma huku pumzi zikikatika amweleze daktari.

Sharti la saa ya kuamka ndilo gumu kuliko yote, na hapo wagonjwa wa hospitali za Muhimbili, Mwananyamala na Temeke wana msaada ambao wengi wao huuona adha: dozi kwa kawaida hunywewa kliniki, mbele ya mhudumu, kila siku, hivyo foleni hiyohiyo inayolalamikiwa huwatoa kitandani na kuwaweka kwenye mwanga wa asubuhi, ambao ndio unaoirekebisha saa ya mwili.