Kuazima Kitabu Kutoka Maktaba ya Mbali: Utaratibu Wake na Hukumu Zake

Miongoni mwa vijana wetu wanaokwenda kusoma Marekani na Ulaya wapo wanaotaka kuandika juu ya wanavyuoni wa pwani yetu, au juu ya fiqhi ya madhehebu ya Imam Shafi. Wengine hufika katika chuo kidogo, wakakuta maktaba yake haina hata Minhaj ya Imam Nawawi, wakakata tamaa na kubadilisha mada. Hapana haja ya kufanya hivyo. Maktaba za vyuo huazimana vitabu, na mwanafunzi anaweza kuletewa kitabu kilichoko mji mwingine, mara nyingi bila ya kulipa chochote. Lakini kitabu hicho kikishafika mkononi mwake kinakuwa ni ariya, na ariya ina hukumu zake.

Jambo hili kwa asili si geni kwetu. Yaqut al-Hamawi (aliyefariki mwaka 626 H/1229) ameeleza katika Mu'jam al-Buldan kwamba mji wa Marw ulikuwa na hazina kumi za vitabu vya wakfu, na kwamba nyumbani kwake hazikukosekana juzuu mia mbili alizoazima, nyingi yake bila ya kuweka rehani. Mambo hayakuwa mepesi hivyo kila mahali. Huko Cairo, wakfu wa hazina ya Madrasa Mahmudiyya ulishurutisha kwamba vitabu visitolewe nje, hata Imam Suyuti (911 H/1505) akaandika risala mahsusi juu ya suala hilo.

Huko Marekani, maktaba nyingi zimeunganishwa kupitia shirika la OCLC, lililoanzishwa Ohio mwaka 1967, ambalo orodha yake ya pamoja inaitwa WorldCat. Mwanafunzi hutazama kwanza katika maktaba ya chuo chake. Asipopata, hutafuta katika orodha hiyo, kisha hujaza fomu ya maombi kwa jina lake. Mkutubi ndiye anayepeleka ombi. Maktaba ya kwanza ikikataa, ombi hupelekwa kwa nyingine. Kitabu huja kwa posta au kwa gari la mizigo. Makala ya jarida haiji yenyewe, bali kurasa zake hupigwa picha na kutumwa kwa kompyuta.

Tuchukue mfano. Kitabu cha Sheikh Abdallah Saleh Farsy juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki kilifasiriwa kwa Kiingereza na Randall Pouwels, kikachapishwa na Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1989. Kwa kitabu kama hiki, jina la mwandishi, anwani ya kitabu na mwaka vinatosha. Lakini anayeitaka makala ya B. G. Martin juu ya wanavyuoni wa Zanzibar wa karne ya 19, hana budi ataje jina la jarida, African Historical Studies, juzuu ya 4, mwaka 1971, na kurasa zake. Ombi lisilo na juzuu wala kurasa humchelewesha mkutubi, na pengine hurudishwa.

Vitabu vya Kiarabu ndivyo vyenye taabu zaidi, na hapa wanafunzi wetu wana nafasi ya kuwasaidia wakutubi wasioijua lugha hiyo. Jina moja huandikwa kwa namna nyingi katika herufi za Kilatini: Farsy, Farsi, al-Farisi. Mwaka wa chapa huenda ukawa wa Hijria, na asiyejua akadhani ni kosa. Kisha yapo majina yanayofanana. Ibn Hajar wa Fath al-Bari ni al-Asqalani (852 H/1449), na Ibn Hajar wa Tuhfat al-Muhtaj ni al-Haytami (974 H/1567). Ramli nao ni wawili, baba na mwana, na Nihaya ni ya mwana. Tena usiombe Tuhfa nzima pamoja na hashiya zake. Taja juzuu na babu unayoihitaji, na chapa gani, kwani mgawanyo wa juzuu hutofautiana. Maktaba inayoweza kutoa juzuu moja huenda ikakataa kutoa kumi. Miswada ya mkono na vitabu adimu kwa kawaida havisafirishwi. Hivyo huombewa nakala.

Ama upande wa hukumu, asili yake ni kisa cha Safwan bin Umayya. Kabla ya vita vya Hunayn, mwaka wa 8 H, Mtume (S.A.W.) aliazima deraya kwake, naye akauliza kama ananyang'anywa, akajibiwa kuwa ni ariya yenye dhamana. Kwa hiyo Mashafi wamesema mwenye kuazima hulipa kitu kikipotea hata bila ya uzembe, isipokuwa kilichochakaa kwa matumizi aliyoruhusiwa. Mahanafi wameiona ariya kuwa ni amana, halipi ila akipetuka mpaka. Mahanbali wanasema kama Mashafi, ila wametoa vitabu vya elimu vya wakfu. Khilafu hii haimsaidii sana mwanafunzi wetu. Kwa kanuni ya maktaba za Marekani, maktaba iliyoomba ndiyo yenye dhamana tangu kitabu kinapotoka kwa mwenyewe hadi kinaporudi, nayo humdai mwanafunzi kwa sharti alilolikubali.

Mwenye kuazimisha anaweza kukidai kitabu wakati wowote, na kanuni yao nayo inasema hivyo hivyo. Wala usimpe rafiki yako: kwa kauli sahihi ya Mashafi, mwenye kuazima haazimishi bila ya idhini. Hata kusahihisha kosa la chapa kuna maneno. Fath al-Mu'in, kitabu kinachosomeshwa sana katika madrasa zetu, kimeeleza kwamba kitabu cha mtu kisichokuwa Msahafu hakisahihishwi ila ukidhani mwenyewe ataridhia. Basi vipi wanaopiga mistari kwa kalamu ya rangi? Anayechelewesha naye hajidhuru peke yake, kwa sababu maktaba iliyoudhiwa huenda ikakinyima chuo kizima, na atakayekosa ni mwenzake ajaye.

Nakala ya makala si ariya, kwani hairudishwi. Lakini hutolewa kwa masomo ya mtu binafsi, si kwa kuuzwa, na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Kuwait cha mwaka 1988, ilipitisha kwamba haki za watunzi zinalindwa kisheria.

Siku ya kurudisha, kipeleke kitabu katika meza ya maktaba ya chuo chako, usikitume mwenyewe kwa posta, na karatasi iliyozungushwa juu ya jalada usiitoe. Hiyo ndiyo inayomjulisha mkutubi kitabu ni cha nani na kinarudi wapi.