Ukuta Mkavu Hauhitaji Sumu

Sogeeni, wadogo zangu, niwasimulie habari za ukuta, mvua na sumu.

Hapa Kanyabayonga, mashariki mwa Kongo, juu ya mteremko wa Kabasha, mvua ikipiga mabati hata mwalimu hunyamaza darasani. Ikikatika, zungukeni nyuma ya nyumba, upande usiopata jua, mchuchumae. Kuanzia chini mpaka usawa wa goti mtaona utando wa kijani umeng'ang'ania ukuta. Ukiupitishia kidole, unateleza. Ile ni mimea midogo sana, jamaa ya mwani, na mara nyingine kuvu jeusi huota pamoja nayo. Haiishi kwa kula ukuta. Inachotafuta ni unyevu usiokauka.

Basi, fundi mmoja aliitwa kupaka nyumba rangi. Mama mwenye nyumba akamwambia, "Fundi, unitafutie ile rangi yenye dawa, kijani kisirudi tena." Mtoto wake akadakia, "Papa fundi, hiyo dawa inaua namna gani?"

Fundi akaweka brashi chini. "Mwanangu, dawa ikiganda ndani ya rangi haiui kitu. Lazima iyeyuke kwenye maji yaliyolowesha ukuta, ndipo mwani uinywe, ufe. Sasa niambie: mvua ikinyesha, hayo maji yanakwenda wapi?"

Mtoto akautazama mfereji, akanyamaza.

Siri yote iko hapo. Ili dawa ifanye kazi ni lazima iyeyuke, na ikiyeyuka, mvua inaondoka nayo. Kila mvua huchukua kidogo, mpaka dawa inapungua ukutani na kijani kinarudi. Diuroni, ambayo huchanganywa katika baadhi ya rangi na plasta za nje, ni dawa ya kuua magugu shambani. Terbutrini nayo ni ya aina hiyo. Umoja wa Ulaya uliiweka diuroni katika orodha yake ya sumu za kufuatiliwa majini mwaka 2001, na terbutrini mwaka 2013.

Maji ya mteremko wetu upande wa mashariki hushuka bonde la Rwindi, ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925, yakaelekea Ziwa Edward, kwa wavuvi wa Vitshumbi. Kutoka huko Mto Semliki huyapeleka Ziwa Albert, kisha Nile. Sumu inayoua mwani wa ukutani haijui kuuhurumia mwani wa majini, na tilapia hula mwani.

Je, tuiache nyumba iote kijani? Hapana. Tuukaushe ukuta.

Fundi yule alianza juu. Alirefusha mabati yatokeze mbele ya ukuta, akafunga mfereji wa paa unaomwaga maji kwenye pipa. Kisha akashuka chini, kwa sababu kijani cha usawa wa goti huletwa na matone yanayogonga ardhi na kuurukia ukuta. Akauzungushia msingi mawe, akamwaga kokoto pembeni, akahamisha migomba iliyoziba upepo na jua.

Mwisho akachukua chokaa. Jiwe la chokaa huchomwa kwa moto mkali, kama wanavyofanya Muhokya, wilayani Kasese, Uganda. Likitiwa maji huchemka lenyewe. Msiliguse wala kulisogelea, linaunguza ngozi na macho. Fundi alilowesha ukuta, akapaka chokaa nyepesi, akaiacha ikauke taratibu, akarudia. Ikiwa mbichi, chokaa ni kali mno, mwani na kuvu haviiwezi. Baadaye hunyonya hewa ya kaboni na kugeuka jiwe tena, na jiwe hilo halina sumu ya kupeleka mtoni. Tena ukuta wa udongo uliopakwa chokaa hupumua: unyevu ulioingia hupata njia ya kutoka. Ukiufunika kwa simenti ngumu, maji hunaswa ndani, plasta ikapasuka na kubanduka.

Chokaa ina gharama yake: mvua huila, na baada ya miaka michache lazima mpake tena. Lakini kazi hiyo familia inaweza kuifanya yenyewe, na walio bondeni hawadhuriki.

Kwa hiyo, mkiona kijani ukutani, msikimbilie dukani. Simameni nje mvua inaponyesha, mtazame maji yanaufikia ukuta kwa njia gani, kisha mwiteni fundi mumwonyeshe.