Nganya za simuni: Nani atazihifadhi kabla linki hazijafa?

Eastlands ya Nairobi ina viwanja viwili vikubwa vya ndege. Eastleigh kuna kambi ya wanahewa, na Embakasi kuna uwanja wa Jomo Kenyatta uliofunguliwa 1958. Mtoto wa mtaa wa Fedha au Pipeline hulala na kuamka na ngurumo za ndege. Ungedhani basi kwamba vijana wa mitaa hii, wakishika michezo ya kuiga usafiri, watakuwa marubani. Wapi! Wengi ni madereva wa matatu.

Mchezo wanaoupenda ni Bus Simulator Indonesia, au BUSSID, uliotolewa na kampuni ya Maleo mwaka 2017. Barabara zake ni za Indonesia, lakini huko nako magari hupita kushoto, kwa hivyo basi la Nairobi likiingizwa humo usukani unakaa panapostahili. Waundaji wa mchezo waliacha mlango wazi: mchezaji anaweza kuingiza skini, ambayo ni picha tu ya kuvisha gari rangi, au modi, yaani gari zima lenye bodi na viti vyake. Skini huchorwa hata kwa simu. Modi hutaka kompyuta, programu ya kuunda maumbo na subira ya fundi. Ndivyo nganya, yaani matatu zilizopambwa, zenye sura ya Buruburu, Umoja na Embakasi zilivyoanza kukata kona katika vijiji vya Java.

Wazazi huona ni mchezo wa kumaliza bando. Mimi naona kumbukumbu, tena ya kitu ambacho hakuna mwingine anayekitunza.

Nganya haina maisha marefu. Leo ni malkia wa stendi, picha za wasanii na wanasoka zimejaa ubavuni, makanga ananing'inia mlangoni. Mwaka ujao imepakwa rangi upya, na baada ya hapo inauzwa mbali na jiji, inavuliwa mapambo na kubeba watu na magunia. Wakati mwingine serikali ndiyo huharakisha kifo chake. Kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano. Barabara zilihitaji nidhamu hiyo, sibishi. Lakini michoro ya miaka ya tisini ilifunikwa kwa rangi, na ukiitafuta leo utaambulia picha chache za watalii na masimulizi ya waliokuwa wakiipanda. Rais Uhuru Kenyatta alipotetea sanaa ya matatu mwaka 2014, kizazi kizima cha magari kilikuwa kimekwisha kuwa vyuma chakavu.

Modi ingeweza kuziba pengo hilo. Muundaji makini hupiga picha gari halisi, hupima taa, hunakili kila herufi ya kioo cha nyuma. Shida ni mahali anapoweka kazi yake. Huonyesha video YouTube, hubandika linki ya tovuti ya kupakulia faili, na nenosiri hulitaja katikati ya video. Video ikifutwa, faili inabaki imefungwa. Tovuti ikifungwa, kama Zippyshare ilivyofanya Machi 2023, linki zote zinakufa pamoja. Toleo jipya la mchezo nalo likija, modi za zamani huweza kukataa kufunguka. Simu ikiibwa ndani ya matatu yenyewe, basi tena.

Balaa hili si letu peke yetu. Mwaka 1993 Domark ya Uingereza iliuza Flight Sim Toolkit, programu iliyomwezesha mtu wa kawaida kuunda ndege, uwanja na mandhari yake. Programu ya namna hiyo iliyoandikiwa mfumo wa DOS haiwaki hivi hivi kwenye kompyuta ya leo. Huamshwa kwa DOSBox, inayoigiza mashine ya zamani, na kabla ya hapo sharti awepo aliyehifadhi faili. Utafiti wa Video Game History Foundation wa 2023 ulionyesha kuwa asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haipatikani tena sokoni. Ikiwa michezo ya makampuni tajiri imepotea hivyo, modi ya kijana wa Kayole ina nani?

Ina maktaba, ikiwa tutataka. Eastlands inazo za umma kama Kaloleni na Makadara, matawi ya maktaba ya McMillan yaliyokarabatiwa kwa ushirikiano wa kaunti na shirika la Book Bunk, ambalo pia limekuwa likiweka kumbukumbu za McMillan katika mfumo wa dijitali. Diski moja kwa kila tawi ingetosha kuanzia. Kila modi iwekwe pamoja na nenosiri lake, namba ya toleo la mchezo, jina la kazi la muundaji na picha ya gari halisi. Bila namba ya toleo, faili ni kufuli lisilo na ufunguo.

Waundaji wa modi wana hofu ya haki: wezi wapo, hubadilisha jina na kujidai. Lakini faili iliyowekwa maktaba kwa tarehe na jina ni ushahidi wa mwenye kazi, nenosiri la YouTube si ushahidi wa chochote. Kwa hiyo wewe uliyeunda, au uliyepakua miaka ya mwanzo ya mchezo na bado una simu ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka, usiiuze kwa fundi kabla ya kunakili faili zake.