Chalbi kwa Gari la Kukodi: Pesa Iende Wapi

Lami imeshapita Marsabit hadi Moyale, lakini ukikata kuelekea Maikona, Kalacha na North Horr, kwenye jangwa la Chalbi kaskazini mwa Kenya, lami imekwisha na gharama ndiyo inaanza.

Ukikodi gari Nairobi utakuwa na mengi ya kuchagua, ila utalipia siku za lami, kwenda na kurudi, kabla hujakanyaga mchanga. Kwa mwenye pesa kidogo, afadhali apande basi hadi Marsabit, akodi huko gari lililoinuka juu ya ardhi pamoja na dereva. Hata bei ya siku ikiwa kubwa, siku ni chache. Tena Chalbi alama za magurudumu hutawanyika kila upande, na kupotea ni kuchoma mafuta.

Usitie sahihi kabla ya kuusoma mkataba. Bima nyingi za magari ya kukodi hazigusi tairi, vioo wala sehemu za chini ya gari, na hivyo ndivyo vinavyoumia njia hii. Posho ya dereva ni juu ya nani? Gari likikwama, nani analipa kulivuta? Majibu yaandikwe. Halafu uliza kikomo cha kilomita. Tuseme gari ni shilingi 9,000 kwa siku, mwisho kilomita 100, kila ya ziada 40. Ukienda 250, umefika 15,000. La 13,000 lisilo na kikomo ni rahisi zaidi.

Usibane pesa kwenye tairi. Ukiendelea kuelekea Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kuna mawe meusi ya volkeno, na tairi ikichanika ubavuni haizibiki. Dai spea mbili. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Iliyopita miaka sita ikatae, hata kama meno yake bado marefu. Pampu ndogo ya umeme wa gari inunue, maana mchangani utapunguza upepo na kwenye mawe utaurudisha. Hema la juu ya paa liache. Ni ghali, na linalielemea gari.

Mafuta jaza Marsabit, na mitungi pia. Mbele huuzwa kwenye madumu, kwa bei ya muuzaji.

Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka. Mvua ikinyesha, sakafu hiyo inageuka tope. Kama safari yako inaangukia Machi hadi Mei, au Oktoba hadi Desemba, fika Loiyangalani kupitia Laisamis, kwenye barabara iliyokarabatiwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo.