Haya na Haki Baina ya Marafiki

Matabibu wa Kiyunani wa kale, na baada yao Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037 na ambaye kitabu chake cha Kanuni kilisomeshwa kwa karne nyingi Mashariki na Magharibi, walishika kwamba mwili wa mwanadamu una majimaji ya namna nne, yaani damu, balghamu, safura na sauda, na ya kuwa kila mtu huelemea upande mmojawapo, ndipo huyu akawa mchangamfu, yule mpole na mzito wa kukasirika, huyu mwepesi wa ghadhabu, na yule mwenye fikira nyingi na majonzi. Elimu hiyo ya tiba imekwisha kupitwa na wakati; walakini ile hamu ya kutaka kujua fulani ni mtu wa namna gani haikupitwa, na hasa katika urafiki, ambao haukufungwa kwa nasaba wala kwa mkataba, na ambao hudumu kwa kadiri wale wawili wanavyoridhiana tu.

Katika mwaka 1921 tabibu wa Kiswisi, Carl Gustav Jung, alitoa kitabu kikubwa juu ya aina za nafsi, akieleza kuwa wako watu ambao nguvu zao huelekea nje, kwenye watu na mambo, na wako wengine ambao nguvu zao hurejea ndani, kwenye fikira zao wenyewe. Wanawake wawili wa Marekani, Katharine Briggs na binti yake Isabel Myers, waliyachukua maneno hayo wakayapanua hata wakapata aina 16 za watu, na mtihani wao leo hutumika katika maofisi na vyuo vya nchi nyingi. Mtihani huo unapendeza, na mtu hufurahi kujisoma humo. Lakini wengi wakiurudia baada ya majuma machache hujikuta wameangukia aina nyingine, na hilo peke yake latosha kutuonya tusiufanye hukumu. Madhara ninayoyaogopa mimi ni haya: mtu akisha kupewa jina la aina yake hujificha nyuma yake, mmoja akasema, "Mimi ndivyo nilivyoumbwa, siwezi kusema," na mwingine akasema, "Mimi ndivyo nilivyo, neno halinikai moyoni," na wote wawili wakawa wamejipa ruhusa ya kuwaudhi rafiki zao milele.

Wataalamu waliokuja baadaye hawakupenda kuwatia watu katika vyumba. Walipendelea kuzipima tabia kuu tano, ambazo kila mtu anazo kwa kiasi chake, nyingi au chache, kama vile upole kwa wengine, bidii na utaratibu, wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, na kupenda kuchanganyika na watu. Hiyo ya mwisho walipoitazama kwa makini waliona imekusanya mambo mawili yasiyokwenda pamoja siku zote: furaha ya kuwa na watu, na uwezo wa kusema utakalo mbele yao. Jambo hili lastahili kuzingatiwa, kwani sisi aghalabu hudhani kuwa mcheshi wa barazani, ambaye hakuna asiyemjua na ambaye kicheko chake husikika kabla hajafika, ndiye jasiri, na ya kuwa yule aketiye pembeni na kikombe chake cha kahawa ndiye mnyonge. Na mara nyingi mambo huwa kinyume. Huyo mcheshi, kwa kuwa anawahitaji mno watu, huenda asiweze kumwambia yeyote neno "la", akakopesha asichokuwa nacho na kuahidi asichokiweza. Na yule mkimya, akiombwa jambo lisilompendeza, akajibu kwa utulivu, "Hilo sitaliweza, sahibu," na mazungumzo yakaendelea.

Chukua mfano wa watu wawili wanaofanya kazi mji mmoja. Mmoja huazima baiskeli ya mwenziwe kila Ijumaa, na kila Jumamosi asubuhi mwenye baiskeli huikuta ukutani, gurudumu la nyuma limelala, naye huinama akaijaza upepo mwenyewe huku saa ya kazi inampita. Hasemi kitu. Akiulizwa, "Haikukusumbua, bwana?" hujibu, "Haidhuru kabisa." Miezi ikipita huanza kutoa udhuru, leo mnyororo umekatika, kesho mtoto anaitaka, kisha huacha kupita njia ile, na mwenziwe hubaki akijiuliza amemkosa nini. Maneno ambayo yangaliuokoa urafiki ule ni machache: "Ndugu yangu, baiskeli nakupa kwa moyo mweupe, lakini ikirudi haina upepo mimi huchelewa kazini; nakuomba uijaze kabla ya kunirudishia." Humo hamna tusi wala shutuma ya tabia ya mtu, mna jambo lililotokea, taabu iliyoletwa nalo, na ombi.

Kwamba maneno ya namna hiyo yaweza kufunzwa ni jambo lililoshughulikiwa sana na Joseph Wolpe, tabibu aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1915, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1958 alieleza kuwa hofu hupungua mtu anapotenda kitendo kisichoweza kukaa pamoja nayo, na ya kuwa kueleza kwa uthabiti yale uyaonayo moyoni ni miongoni mwa vitendo hivyo. Wagonjwa wake aliwafanyisha mazoezi, yeye akijifanya ndiye mtu anayeogopwa, nao wakijaribu maneno mpaka ulimi ukazoea, wakianza na mambo madogo. Wala hakuwahimiza kumkabili mtu ambaye angewalipiza kwa madhara. Nalipenda sana sharti hilo la mwisho, kwa sababu ujasiri unaohubiriwa bila ya kutazama nani ana nguvu juu ya nani huwaponza wanyonge.

Na wala si mafunzo mageni kwa watu wetu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipozihesabu haki nane za usuhuba katika kitabu chake cha Ihya, aliuwekea ulimi haki mbili: kunyamaza juu ya aibu za rafiki, na kusema naye yapasayo kusemwa, na nasaha akaitaka iwe faraghani. Basi mwenye haya asidhani kuwa kimya chake chote ni adabu. Sehemu yake ni deni ambalo hajamlipa rafiki yake.

Lakini deni jingine ni la yule mwenye sauti, nalo silioni likitajwa vya kutosha. Yeye ndiye huchagua pa kwenda, ndiye hukata shauri la nani aalikwe, na huuhesabu ukimya wa mwenziwe kuwa ni ridhaa. Huyu na ajizoeze kuuliza swali ambalo jibu lake laweza kuwa "la", si "Twende, au sivyo?" huku amekwisha kuvaa kanzu, bali "Wewe wapendelea nini leo?" kisha akae, asimsaidie kujibu, hata kama jibu litachukua muda mrefu kuliko alivyozoea kungoja.