Mzimu si jini

"Mwalimu, mzimu ni jini wa aina gani?" Nimeulizwa hivyo darasani, harusini, hata ndani ya daladala nikining'inia. Wiki iliyopita swali likaja kwa sura ya mswada: mfasiri kaandika "mizimu" kila palipotakiwa mashetani. Kalamu nyekundu imeniishia.

Si wa aina yoyote. Jini ni neno la Kiarabu, limetufikia pamoja na Uislamu, na kwa mafundisho ya dini hiyo kaumbwa kwa moto. Hajawahi kuwa babu ya mtu. Mzimu ni neno la Kibantu: Waganda wana omuzimu, Wanyarwanda umuzimu, Washona mudzimu. Ni mtu aliyeishi, akazaa, akafa, na waliobaki wakaendelea kumhesabu katika ukoo. Ukibisha, sikiliza vitenzi. Pepo hupungwa. Mzimu hutambikiwa. Mmoja anaombwa atoke, mwingine anaombwa radhi, kama mzee aliyesusa chakula kwa sababu wajukuu hawamjulii hali. Kuamini au kutoamini ni shauri lako. Mimi nazungumzia maana.

Tena Unguja na Pemba mzimu ni mahali hasa: pango, au shina la mbuyu lililofungwa vitambaa vyeupe na vyekundu, na chini yake chetezo chenye majivu ya ubani. Ndiyo maana riwaya ya Muhammed Said Abdulla ya mwaka 1960, Mzimu wa Watu wa Kale, huwahangaisha wanafunzi wangu. Wanamngoja pepo atokee hadi ukurasa wa mwisho, kumbe mzimu wenyewe ni pale maiti ilipokutwa!

Haya, haraka haraka. Wenye methali: wahenga. Wa ukoo: mababu; Lubumbashi utasikia bankambo. Aliyefariki juzi: marehemu, si mhenga. Wa kwenye filamu anayepita ukutani usiku: mzuka, ingawa vijana wa Dar wakisema wana mzuka wamechangamka tu. Mla watu wa hadithini: zimwi. Anayempanda mtu kichwani: pepo. Makazi ya wafu: kuzimu, na hata watafsiri wa Biblia ya 1952 walilitumia neno hilo bila kigugumizi.

Na yule mganga mwenye kibao kwenye nguzo ya umeme, "Nafukuza mizimu", ukimpigia simu muulize kwanza: anamfukuza babu ya nani?