Bingwa Aliyekatishwa Safari: Robert Wangila na Mizani ya Urithi wa Bondia

Katika mchezo wa ngumi, rekodi ya bondia, yaani hesabu ya mapambano aliyoshinda, aliyopoteza na aliyotoka sare, ndiyo hati ya kwanza kufunguliwa kila jina lake linapojadiliwa, ingawa hati hiyo haisemi alipigana na nani, mpinzani huyo alikuwa na umri gani, wala ushindi wenyewe ulipatikana kwa shida kiasi gani. Upungufu huo huvumilika kwa bondia aliyepanda, akafika kileleni, kisha akashuka mbele ya macho ya watu, kwa kuwa safari yake nzima ipo na inaweza kuchunguzwa kipande kwa kipande. Kwa yule ambaye safari yake ilikatika mapema, kwa kifo, kwa jeraha au kwa amri ya serikali, mpimaji hukuta pengo, na pengo hilo huwashawishi watu walijaze: mashabiki hulijaza kwa ushindi ambao haukupatikana, na wakosoaji hulijaza kwa vipigo ambavyo havikutokea.

Afrika Mashariki inayo kesi yake ya namna hiyo, nayo inastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko inavyofanyiwa. Robert Napunyi Wangila, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1967, alishinda medali ya dhahabu ya uzito wa welter, ambao wakati ule ulikuwa na kikomo cha kilo 67, katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, baada ya kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali. Mabondia wa Afrika Kusini, wote Wazungu, walikuwa wamepata dhahabu miongo mingi kabla yake, lakini hakuna Mwafrika mweusi aliyekuwa amewahi kuipatia nchi ya Kiafrika medali ya aina hiyo katika ngumi, na hadi leo hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyopata nyingine. Mwaka uliotangulia alikuwa ametwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika mbele ya watu wa mji wake. Miaka sita baada ya Seoul, tarehe 22 Julai 1994, alipanda ulingoni Las Vegas kupambana na David Gonzales; mwamuzi alilisimamisha pambano katika raundi ya tisa, Wangila akapinga uamuzi huo akiwa bado amesimama, kisha akazirai katika chumba cha kubadilishia nguo, na baada ya siku mbili akafariki akiwa na umri wa miaka 26.

Jambo la kwanza analopaswa kulifanya mpimaji ni kuzitenganisha kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ngumi za ridhaa ni zile zinazochezwa bila malipo ya pambano, kwa raundi chache, chini ya bendera ya nchi, na kilele chake ni Olimpiki. Ngumi za kulipwa ni biashara ya mapromota na mikataba, yenye raundi nyingi zaidi na mataji yanayotolewa na vyama mbalimbali vya dunia. Katika kazi ya kwanza Wangila alifika mwisho wa njia, wala hakuna ngazi ya juu zaidi ambayo angeipanda. Katika kazi ya pili, aliyoianza mwaka 1989, alifariki akiwa na ushindi mara 22 na vipigo vitano, bila taji kubwa la dunia. Wanaosema kwamba kifo kilimnyang'anya ubingwa wa dunia wanasema jambo ambalo ushahidi hauliungi mkono, kwa sababu bondia aliyekwisha kushindwa mara tano kabla ya kutimiza miaka 27 alikuwa amekwisha kuonyesha kiwango chake kwa sehemu kubwa, na kumpa taji la kudhaniwa ni kuidharau dhahabu aliyoipata kweli, kana kwamba peke yake haitoshi.

Swali la safari iliyokatika limejadiliwa zaidi katika uzito wa juu, na mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Muhammad Ali. Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, Ali alikataa kuingizwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam, akanyang'anywa taji na leseni, naye hakupanda tena ulingoni hadi Oktoba 1970. Siku alipositishwa alikuwa na umri wa miaka 25, ameshinda mapambano 29 bila kupoteza hata moja na ametetea taji lake mara tisa. Kama asingerudi kamwe, rekodi yake ingekuwa safi kabisa, na bila shaka wangekuwapo wa kudai kwamba hakuna binadamu ambaye angeweza kumpiga. Lakini vipigo vyake vyote vitano vilikuja baada ya kurudi, na katika miaka hiyohiyo ya vipigo ndimo mlimotokea mapambano matatu dhidi ya Joe Frazier, na usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974 mjini Kinshasa, alipomwangusha George Foreman katika raundi ya nane akiwa na umri wa miaka 32, baada ya kumwacha mpinzani achoke kwa kupiga mikono na mbavu huku yeye ameegemea kamba. Ali wa 1967 alikuwa mwepesi zaidi, lakini hakuna aliyejua kama angestahimili kushindwa na kuzeeka, na mambo hayo ndiyo yaliyokuja kumtenga na mabingwa wengine. Ni kosa basi kuichukua rekodi isiyo na doa kuwa ushahidi wa ukubwa kabla ya kuuliza kama doa lilipata nafasi ya kutokea.

Uganda ilitoa mfano ulio karibu zaidi na Wangila. John Mugabi, aliyepata medali ya fedha ya uzito huohuo wa welter katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, aliingia katika ngumi za kulipwa na kuwamaliza wapinzani wake wote kabla ya kengele ya mwisho, hadi alipokutana na Marvin Hagler huko Las Vegas tarehe 10 Machi 1986 na kusimamishwa katika raundi ya kumi na moja. Kama Mugabi angeumia mkono mwezi mmoja kabla ya pambano hilo na asirudi tena, angebaki mtu wa hadithi, bondia asiyejulikana kikomo. Kwa kushindwa na Hagler alipoteza hadithi hiyo, lakini akapata kitu chenye thamani kubwa zaidi, kwa kuwa raundi zile kumi na moja alizosimama na bingwa wa uzito wa kati aliyeogopwa kuliko wote wa zama zake zilionyesha ubora ambao ushindi wake mwingi wa haraka haukuweza kuuonyesha, na miaka mitatu baadaye akawa bingwa wa dunia katika uzito wa chini ya huo.

Msomaji wa Kanyenye na mitaa mingine ya Tabora hana haja ya kwenda hadi Las Vegas ili aone jinsi pengo la namna hiyo linavyoathiri hukumu, kwa kuwa historia ya mji wake, uliokua kama kituo kikuu cha misafara ya pembe za ndovu kati ya Bagamoyo na Ujiji, inabeba hukumu kama hiyo juu ya watemi wawili. Mirambo, mtemi wa Urambo, alipigana na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Unyanyembe na washirika wao kuanzia mwaka 1871, akaivuruga njia ya misafara kwa miaka kadhaa, akafariki kwa maradhi mwezi Desemba 1884, kabla Wajerumani hawajafika katika nchi ya Wanyamwezi. Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliishi hadi akakutana nao, akawapinga kwa silaha, na boma lake lilipovamiwa Januari 1893 aliilipua baruti iliyokuwa ndani kuliko kukubali kukamatwa. Mirambo anakumbukwa kama asiyeshindwa, na Isike kama aliyeanguka, ilhali Isike ndiye aliyekutana na mpinzani ambaye kifo kilimwepushia Mirambo. Kusema hivyo si kumpunguzia Mirambo chochote alichokifanya. Ni kukataa tu kumhesabia vita ambavyo hakuvipigana, na kukataa pia kumwona Isike mdogo kwa sababu alivipigana.

Kipimo kingine, ambacho wapenzi wa takwimu hukisahau, ni hali ya nchi na mazingira yaliyomlea bondia. Kenya haikupeleka mabondia katika Olimpiki za 1976 na 1980, mara ya kwanza kwa mgomo wa nchi za Kiafrika kuhusu Afrika Kusini na mara ya pili kwa mgomo ulioongozwa na Marekani. Ali mwenyewe alitumwa barani Afrika Februari 1980 kuutetea mgomo huo wa pili, na alipofika Dar es Salaam Mwalimu Julius Nyerere alikataa kuonana naye. Tanzania ikaenda Moscow, Kenya ikabaki nyumbani. Kizazi kizima cha mabondia wa Kenya, warithi wa Philip Waruinge aliyepata shaba mwaka 1968 pamoja na tuzo ya bondia mwenye ufundi bora kuliko wote, kisha fedha mwaka 1972, kilipitwa na umri bila kupimwa katika Olimpiki, na hao ndio waliokatishwa safari bila hata kuandikwa. Dhahabu ya 1988 inapaswa kusomwa pamoja na ukimya huo ulioitangulia, kwa sababu Wangila alitoka katika shule ya ngumi iliyokuwa hai ndani ya majeshi, polisi na kumbi za mitaani hata wakati ambapo Olimpiki haikuiona.

Kwa mizani hiyo, nafasi ya Wangila inaweza kutajwa bila kuyumba. Kama bondia wa kulipwa alikuwa mpiganaji hodari wa daraja la kati, aliyefariki katika kazi ambayo haikumlinda vya kutosha. Kama bondia wa ridhaa anasimama juu ya wote waliowahi kutoka Afrika Mashariki, akimzidi Waruinge kwa kilele ingawa anazidiwa naye kwa muda wa kudumu juu. Hukumu hii ya pili haitegemei kubahatisha angekuwa nani, maana ushahidi wake uliendelea kuongezeka hata baada ya yeye kuzikwa: Boudouani, yule Mfaransa aliyelala sakafuni Seoul, aliingia katika ngumi za kulipwa, mwaka 1996 akatwaa taji la dunia la chama cha WBA katika uzito wa welter ya juu, na akalishikilia hadi mwaka 1999.